Sekunde Arobaini Zilizokatwa

Mtaa mzima ulimwita Koleo, na mwenyewe alishalizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kuzaliwa hageuki. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani, mwenye duka dogo lililobanwa kati ya saluni na mahali pa kutoa kopi. Pasi, feni, blenda, birika, vyote vilipita mezani kwake. Ufundi alirithishwa na baba yake, mzee mkali wa maneno ambaye hata hivyo hakuwahi kumnyima siri ya kazi.

Chaneli ya video mtandaoni haikuwa wazo lake. Ilikuwa ya mdogo wake, aliyekuwa mpokezi katika kampuni moja mpaka kampuni ilipofunga milango. Alihamia kwa dada yake akiwa na begi moja na simu yenye kamera nzuri. Siku za mwanzo alishinda dukani akimsikiliza Koleo anavyoongea na vyombo: "Wewe feni, unalalamika nini? Aa, umekauka. Ngoja nikupe mafuta, kisha uniambie kama bado una kiburi." Mdogo akacheka, akarekodi. Video hiyo ilitazamwa na watu mia mbili. Ya blenda ikatazamwa na elfu tatu. Ya maikrowevu ikapita laki nne, na hapo maisha yakabadilika.

Matangazo yakaanza kuleta riziki. Mdogo akafungua na tovuti ya kuuzia vipuri, na chumba cha nyuma kikageuzwa kuwa studio: meza, taa mbili, shuka jeupe ukutani. Koleo alitengeneza, mdogo akarekodi, akahariri, akarusha hewani. Koleo hakuwa anazitazama hizo video. Sauti yake mwenyewe ilimkera.

"Naongea kama ninayegombana na kondakta," alisema. "Mimi kazi yangu ni bisibisi. Hayo mengine ni yako."

Jumanne moja asubuhi alikuwa anamsubiri mteja wa pasi, akachukua simu apitie maoni ya watazamaji. Alipenda kuyasoma. Watu walimwombea dua, walimwita mwalimu, mmoja alimwomba mkono wa ndoa kila wiki bila kuchoka. Chini ya ile video ya maikrowevu akakuta maneno mapya, kutoka kwa mtu mwenye picha ya ua: "Kaka yangu alifuata video hii hatua kwa hatua. Sasa amelazwa. Mungu anakuona."

Mteja wa pasi alipofika alimkuta amesimama tu, simu mkononi. Alimpa pasi isiyo yake.

Alifunga duka kwa ndani, akaitazama video kwa mara ya kwanza tangu itoke. Pale anachomoa waya ukutani. Pale anafungua kifuniko. Kisha, papo hapo, mkono wake umo ndani unachomoa nyaya. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Ndani ya maikrowevu mna kikopo cha bati kinachohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya, umeme wa kumwangusha ng'ombe, na hakuna fundi mwenye akili anayegusa kitu kabla hajautoa. Alikumbuka vizuri kwamba aliionyesha hatua hiyo. Alikumbuka hata maneno: "Hapa, mwanangu, mzaha hakuna."

Mdogo wake alirudi na mafurushi ya vipuri vya wateja wa tovuti.

"Ile sehemu ya kikopo iko wapi?"

"Kikopo gani, dada?"

"Cha maikrowevu. Nilieleza namna ya kutoa umeme."

Mdogo akaweka mafurushi chini polepole. "Niliikata. Ilikuwa sekunde arobaini. Dada, pale watu wanachoka, wanaondoka. Na ulikuwa umewageuzia mgongo, hakuonekani kitu. Nilidhani ukishachomoa waya, basi."

Koleo akampa simu asome. Mdogo alisoma, akakaa juu ya kiti cha wateja.

"Huenda ni mwongo," alisema hatimaye. "Mtandaoni watu wanasema chochote. Amesema kaka yake nani? Hospitali gani?"

"Huenda."

"Ukiifuta ile video, dada, tumekwisha. Wanaokuja kwenye tovuti wote wanapitia pale."

Koleo alichukua simu yake, akabonyeza huku na huku mpaka akauliza kwa sauti ndogo, "Kitufe cha kuondoa kiko wapi?" Mdogo alimwonyesha huku analia. Kabla ya kuiondoa, walimtumia yule mwenye picha ya ua ujumbe wa faragha wenye namba ya simu na maneno machache: "Mimi ndiye fundi. Tafadhali nipigie."

Siku tatu zilipita bila mtu kupiga. Au tuseme walipiga wengi, maana simu ya fundi haikai kimya, na kila ilipolia aliacha bisibisi na kuikimbilia. Mwenye friji, mwenye feni, mtu amekosea namba. Alianza kuijibu kwa kunong'ona. Alipokuwa anaunga waya alisimama na kutazama vidole vyake, kumi vyote, vizima. Chakula kilimshinda. Alijiuliza kama yule aliyelazwa ana watoto. Alijiuliza kama polisi huja dukani ama huita. Zaidi ya yote alijiuliza juu ya wale laki nne: ni wangapi walikuwa wanatazama tu, na ni wangapi walikuwa wameshika bisibisi?

Ijumaa, saa nne asubuhi, ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye yule fundi wa kwenye video?"

"Ndiye mimi, dada yangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Kaka yangu yu hai," alisema. "Umeme ulimrusha mpaka ukutani. Kiganja kimeungua, vidole viwili havina hisia. Na yeye ni kinyozi. Nataka nikuulize kitu kimoja. Ulijua kama kile kitu kinaweza kuua?"

Mdogo alikuwa mlangoni, anatikisa kichwa kumwambia asiseme.

"Nilijua," alisema Koleo. "Nilieleza wakati wa kurekodi, sehemu ile ikakatwa, na mimi sikuitazama video kabla ya kuitoa. Aliyekata hakujua. Mimi nilijua, na sikuangalia. Kosa ni langu."

Mwanamke alipumua kwa nguvu. Koleo alingoja matusi. Badala yake akasikia simu inapita mkono hadi mkono, kisha sauti ya kiume, dhaifu, yenye kikohozi.

"Fundi? Ni mimi niliyerushwa."

"Pole, kaka. Pole sana. Sina neno jingine."

"Mke wangu alisema tununue mpya. Mimi nikajifanya nimesomea." Akacheka, akakohoa. "Sasa anasema hata balbu nisiguse." Kisha kicheko kikaisha. "Lakini nakuomba. Itengeneze upya ile video. Na mkono wangu uuweke mle. Nitakutumia picha. Watu wauone."

Waliirekodi Jumamosi. Safari hii Koleo hakutania na chombo. Alitazama kamera, akaeleza kilichotokea bila kujificha nyuma ya mdogo wake, akaonyesha picha ya kiganja, akaionyesha ile hatua polepole, akiwa amegeukia watu. Mwisho akasema kwamba kazi hii si ya kila mtu na kwamba aliye na shaka apeleke kwa fundi. Kisha akakaa akaitazama yote, mwanzo hadi mwisho, na sauti yake haikumkera hata kidogo.

Ilitazamwa na watu elfu tisa. Mapato yalianguka, studio wakairudisha kwa mwenye nyumba, mdogo akapata kazi ya nusu siku pale kwenye kopi. Kinyozi alitumiwa nauli za hospitali kila mwezi, akajifunza kushika mashine kwa mkono wa kushoto. Wateja, alisema, walipungua kidogo, wale waoga.

Haya yote Koleo aliyabeba. Kilichomnyima amani ni kingine. Wiki ya pili mdogo wake aligundua kwamba ile video ya zamani haikufa. Watu walikuwa wameiiba na kuirusha kwenye kurasa zao, nakala kumi na moja, moja imefutwa sauti na kutiwa muziki. Waliandika malalamiko. Nne ziliondolewa. Wiki iliyofuata zikazaliwa tatu.

Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Koleo hukaa na miwani yake na kuandika chini ya kila nakala: "Mimi ndiye mwenye mikono hii. Usifuate. Kuna hatua imekatwa." Wengine humtukana. Wengine humwambia ana wivu.

Juzi mtu alimjibu papo hapo: "Mbona nimeshafungua kifuniko?"

"Usiguse kitu," aliandika, herufi zikimponyoka. "Rudisha kifuniko. Toka hapo. Nijibu."

Mteja wa mapema alisukuma mlango akaingia, Koleo akamwashiria angoje. Dakika zilikwenda. Mteja aliuliza kama kuna msiba, Koleo akamwambia bado hajui. Kisha simu ikatetemeka: "Nimerudisha. Nampelekea fundi wa huku kwetu."

Koleo aliegemea ukuta, akavua miwani.

"Mungu wangu," alimwambia yule mteja ambaye hakuelewa lolote, "na huyo fundi asiwe naye amejifunza kwangu."