Mtihani wa Katiba Msimu wa Ndama

Wiki ile ya Machi Treasa Lillis hakutulia. Akiketi jikoni na vitabu vyake, anakumbuka kesi aliyoisahau, anainuka kuitafuta. Akiipata, anaisoma amesimama dirishani, midomo ikimcheza. Ng'ombe akilia bandani anatoka mbio, na kumbe ng'ombe hana lolote.

"Keti basi, mwanangu," mama yake, Bríd, alimwambia huku akikanda unga wa mkate. "Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nikikaa nasinzia, Mama. Nikisinzia niliyoyasoma yananitoka."

Treasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Ujana wake wote aliumaliza akipiga chapa barua za watu katika ofisi ya mawakili mjini Ennis, mpaka mwenye ofisi, Bibi Considine, alipomwambia kuwa kichwa alichonacho ni cha wakili, si cha karani. Angemchukua awe wakili mwanagenzi, mradi apite mitihani ya kuingilia kazi hiyo. Mikataba alipita. Ardhi alipita, hata jinai. Katiba ndiyo iliyomkataa, tena mara mbili.

"Nafasi nakuwekea mpaka vuli," Bibi Considine alisema. "Baada ya hapo kuna mpwa wa mume wangu, na mume wangu ana mdomo."

Katiba yenyewe si ndefu. Kinachowamaliza watahiniwa ni kesi, kwa kuwa kila kifungu kina majaji waliokivuta huku na wengine waliokivuta kule. Wengi hucheza bahati nasibu: husoma mada kadhaa, wakaziacha nyingine na kuomba Mungu zisitokee. Treasa aliuacha mgawanyo wa madaraka. Alijua ni kosa, na kila alipopita karibu na sura hiyo kitabuni moyo ulimruka.

Na ulikuwa msimu wa ng'ombe kuzaa. Baba alikuwa amekwisha fariki, na shamba lilikuwa mikononi mwa kaka yake, Senan. Senan hakuwa mtu wa maneno, lakini mikono miwili haitoshi Machi. Basi Treasa alibeba majani makavu na kuwamwagia ng'ombe maji hodhini huku akijisemea vifungu, nao wakimtazama.

Alhamisi asubuhi gari la polisi liliingia uani. Akashuka Donal Garrihy, askari wa kituo cha pale, ambaye shuleni alikuwa akikaa dawati moja na Treasa na kunakili hesabu zake.

"Habari za asubuhi, Treasa. Senan yupo?"

"Yuko mashambani. Kuna nini?"

Donal alivua kofia. "Jirani yenu, Mzee Talty, amepotelewa na mtamba wake, yule mweusi mwenye mimba. Anasema ameona alama za kwato zinakuja upande wenu. Unajua jinsi alivyo tangu ule ugomvi wenu wa ua wa mpakani. Niache nichungulie bandani mara moja, nikamnyamazishe."

Treasa alihisi damu ikimpanda. Kifungu cha arobaini kilikuwa bado cha moto kichwani mwake.

"Una hati ya upekuzi?"

"Treasa. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Makao ya raia hayaingiliwi ila kwa sheria. Una hati, au huna?"

"Banda ni makao?"

Hapo alikwama. Aliwahi kusoma mahali kuhusu uwanja unaozunguka nyumba, lakini kesi ilikuwa ipi, na majaji walisemaje? Alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Usipokuwa na hati, sikuruhusu," alisema mwishowe.

Donal alijikuna kichwa, akageuka kulielekea gari lake. Ndipo Bríd alipotokeza nyuma ya bintiye, mikono imejaa unga.

"Donal, mwanangu, mbona unasimamishwa kwenye baridi? Ingia unywe chai. Halafu nitakupeleka bandani mwenyewe. Sisi hatuna cha kuficha."

"Mama!"

"Nini? Nyumba ni yangu."

Hiyo nayo ilikuwa sheria, na Treasa aliijua. Mwenye nyumba akikaribisha, mambo yamekwisha. Donal akanywa chai yake akitazama chini, Treasa akaizunguka meza mpaka vikombe vilipobaki vitupu.

Bandani walimkuta Senan kapiga magoti kwenye majani. Mbele yake alikuwa amelala mtamba mweusi, hereni zenye alama ya Talty masikioni, na kwato mbili za ndama zikichungulia nyuma.

Senan alipauka. "Alivunja ua asubuhi," alisema. "Nimemkuta mtaroni, uchungu umeshamshika. Nilitaka kwanza azae, ndipo nipige simu. Nani angeniamini?"

"Ya kuaminiwa baadaye," alisema Donal, akivua koti la serikali na kulitundika msumarini. "Kamba iko wapi?"

Walivuta wanaume wawili na Treasa katikati, wakimngoja mtamba asukume, wakivuta tena. Ndama alitoka ghafla, hapumui, ulimi nje. Senan alimsugua kwa majani mpaka akapiga chafya.

Talty alipopigiwa simu alikuja na trela. Alimtazama ndama, akamtazama Senan, akasema ua utatengenezwa na yeye atatoa nguzo. Kisha akampakia mtamba na ndama wake, akaondoka.

Donal alipokuwa akinawa bombani, Treasa alimfuata.

"Unaniona mpumbavu."

"Sikuoni hivyo. Bila mama yako ningeondoka. Haki yako ulikuwa nayo, na mimi najua." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ila ulinitisha. Hesabu zako sikuwahi kuziogopa hivyo."

Treasa alicheka, lakini kicheko hakikumtuliza. Alirudi mezani akafungua vitabu kutafuta habari ya banda. Akaipata, akaisoma, akaona bado kuna njia mbili za kubishana.

Jumanne iliyofuata, siku ya mtihani, alikaa katika ukumbi wa hoteli jijini Dublin, miongoni mwa vijana waliomfanya ajihisi shangazi yao. Alipofunua karatasi, swali la kwanza lilikuwa la mgawanyo wa madaraka, na la makao halikuwepo kabisa. Alitazama saa, akatazama dari. Kisha akaandika alichokijua, na asichokijua akakijengea hoja, bila kuinua kichwa tena mpaka karatasi zilipokusanywa.

Wiki za kungoja zilikuwa mbaya kuliko za kusoma. Aliosha madirisha yaliyokuwa safi. Simu ilipoleta matokeo, alikuwa shambani akishikilia nguzo ya ua huku Senan akigongomea.

"Nimepita," alisema. "Kwa chupuchupu, lakini nimepita."

Senan alishusha nyundo. "Kwa hiyo sasa wewe ni wakili?"

"Bado. Kuna mafunzo kwanza. Na mitihani mingine."

"Mingine?"

"Mingi."

Senan alimtazama dada yake, ambaye tayari alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akampa nyundo apate cha kufanya.