Nusu ya Jibu la Profesa

Nilikuwa karani wa wakala wa meli katika bandari ya Matrah. Kazi yangu ilikuwa kuandika orodha za mizigo kwa Kiarabu na Kiingereza. Kiingereza nilijifunza mwenyewe Unguja, na sheria kidogo niliipata katika kitabu cha mikataba kilichopotewa na kurasa zake za mwanzo. Kwa hiyo mpaka leo najua mkataba unavyovunjwa vizuri zaidi kuliko unavyofungwa.

Mwaka 1966 meli moja ya Norwei ilishusha magunia ya mchele yaliyoingia maji ya bahari, na wafanyabiashara wakakataa kuyapokea. Wenye meli walimtuma profesa wa sheria kutoka kwao aje aangalie, nami nikapewa kazi ya kumfasiria. Hakuuliza nani mwenye makosa. Alianza na magunia. Alifumua kila gunia la kumi, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaunusa mchele, akaandika. Siku ya tatu wapagazi walikuwa wameshampa jina.

"Bwana Pua kafika! Toeni magunia!"

Aliniuliza wanasema nini. Nilimwambia wanamkaribisha.

Wakati huo mimi na mama yangu tulikuwa tunakaa katika vyumba viwili vya kukodi ghorofani, nyuma ya soko, tangu tulipotoka Unguja mwaka 1964. Binamu yake wa Sib, nje ya mji, alikuwa ametupa kiwanja kando ya mitende yake, tujenge tutakapotaka. Mama hakutaka. Alikuwa na hati ya nyumba yake ya Unguja, ameishona ndani ya mto anaolalia.

"Nikijenga hapa, watasema ile nimeiacha," alisema. "Sijengi mpaka mtu anayejua sheria aniambie kwa mdomo wake kwamba si yangu tena."

"Mimi nakwambia, Mama."

"Wewe kitabu chako hakina kichwa."

Ndipo nilipomwalika profesa chakula cha mchana, siku ya Ijumaa. Mama alifumua mto asubuhi. Profesa alipofika alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa mkekani kwa shida kwa sababu ya urefu wa miguu yake, akaomba aione hati kabla ya chakula. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha autazame muhuri. Kisha akaniambia, taratibu, ili nisikose neno:

"Kwa sheria ninayoifundisha, nyumba hii ni yake. Lakini leo hakuna mahakama itakayomrudishia, na sitarajii mahakama hiyo ipatikane katika uhai wake. Mwambie ajenge. Kujenga hapa hakumwondolei haki ya kule."

Nilimgeukia Mama. Sinia la wali na nguru lilikuwa limeshawekwa, achari pembeni, na mvuke ulikuwa bado unatoka. Kwetu mtu mwenye habari mbaya humwacha mwenziwe ale kwanza. Hata habari za msiba huzuiwa mpaka sinia liondolewe. Nililelewa hivyo.

"Anasema nyumba ni yako, Mama, kwa sheria."

"Nilikwambia mimi!" Alipiga paja lake. "Lakini mbona kasema maneno mengi hivyo?"

"Lugha yao ni ndefu."

Alicheka, akamsogezea profesa kipande kikubwa cha samaki. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu tulipofika. Nilijiambia kwamba nusu iliyobaki nitaisema baada ya kahawa. Baada ya kahawa mpagazi alikuja mbio kusema wafanyabiashara wanatusubiri ghalani. Jioni nilisema kesho. Kesho yake Mama alikuwa ameshashona hati ndani ya mto kwa uzi mpya.

Siku ya kuondoka, profesa aliniuliza kwenye gati, "Ulimwambia yote?"

"Yote," nilisema.

Miaka mitatu ilipita. Binamu wa Sib aliuliza mara ya kwanza, ya pili, halafu akaacha kuuliza. Mimi ningeweza kusema siku yoyote. Nimejaribu kueleza sababu ya kutosema na sina nzuri kuliko hii: kila siku iliyopita ilifanya maneno yale yawe mazito zaidi, kwa kuwa sasa yalibeba na uongo wangu.

Mwaka 1969 ilifika barua yenye stempu ya Norwei. Profesa aliandika kwamba ameacha kufundisha, amegombea ubunge na amechaguliwa. Kwa miaka mingi, alisema, alikuwa akiwaambia watu haki yao ni ipi, kisha anafunga daftari lake na kwenda zake, bila kujishughulisha ni nani atakayewapatia. Chumbani kwetu, mbele ya ile hati, alijisikia akifanya hivyo tena, na safari ile aliona haya. Mwisho wa barua aliuliza: Je, mama yako ameshajenga?

Nilimsomea Mama barua yote. Kisha nikamwambia nusu ya jibu niliyoiacha.

Hakupandisha sauti. "Siku ile ulisema lugha yao ni ndefu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Miaka mitatu umenikalisha hapa, nasikiliza watu wakigombana ngazini."

Akainuka, akaswali alasiri. Alipokunja msala aliuliza, "Kiwanja kipo?"

Kilikuwepo kidogo. Binamu alikuwa amempa mkwewe sehemu kubwa, na hatukuwa na la kumlaumu. Kilichobaki kilitosha vyumba viwili na jiko, na hata shimo la choo ilibidi tuchimbe karibu zaidi na ukuta kuliko tulivyopenda. Mama alikwenda Sib mwenyewe, akaonyesha kwa fimbo mlango utakapokuwa. Tuliingia mwaka 1970. Mto wake aliuchukua kama ulivyo.

Lakini kabla ya yote hayo, jioni ileile ya barua, alinikalisha na kalamu.

"Mwandikie najenga, lakini ile sikuiacha. Na umwambie, huko bungeni awaambie watu yote, na awaambie kabla hawajala."

Niliandika kama alivyosema. Nilimsomea mara mbili, neno kwa neno, ndipo nikatia gundi bahasha.