Bruyeri ya Mbanda Wangu

Mujukuu wangu alinunua bruyeri kwa mama mumoja mwenye kuuzisha maua pembeni ya barabara, kule katikati ya mji. Akaileta ku lupango ya nyumba yetu, kule Ruashi, mu taxi, ameipakata sawa mutoto mwenye kuzaliwa jana. Ni maua ya inchi za baridi, majani kiloko kiloko, madogo sawa sindano, na kama inachanua inatoa bikengele bya rangi ya roze.

"Nkambo," akasema, "siku ya ndoa yangu, mwisho wa baridi, nataka kuingia mu kanisa na hii mu mukono. Wewe njo utaichunga. Ikikufa, namubeba bwana yako."

Kwetu, mujukuu mwanamuke ni mbanda wa nkambo yake, ni kusema muke mwenzake: siye wawili tunagombania muzee mumoja, bwana wangu. Anakuja, anamuita bwana, anamukulia nyama mu sahani, na miye nanuna, bantu bote banacheka. Majina ya bajukuu niko nayo yote mu kichwa, hata ya bajirani na ya bambwa yabo, lakini hapa siandike hata moja, juu bakisoma batakuja kunigombeza.

Bon. Mukono yangu inajulikana ku avenue muzima. Kwetu ukitaka kitu ikomee nguvu, unaleta bulongo ya kichuguu. Nyanya ni kichuguu, lengalenga ni kichuguu, matembele ni kichuguu. Nikajaza beseni, nikapanda bruyeri ndani, nikaongeza na majivu ya mbabula, jiko yetu ya makala, juu yake, sawa munyu mu mboga. Nikaimwangia maji asubuhi na magaribi. Nikaambia muzee: "Utaona harusi!"

Ikageuka manjano. Nikasema iko na njala, nikaongeza majivu. Ikazidi. Jirani wangu akachungulia ku lupango, akauliza: "Mama, ile maua iko na homa ya palu? Umupatie kinini!" Nikacheka naye. Lakini harusi ilikuwa inasogea. Mujukuu akikuja siku ya Mungu, kisha misa, nafunika beseni na pagne yangu ya kitenge, namuambia: "Iko inalala. Inaogopa jua." Naye anasema: "Nkambo, maua yangu inalala sana kuliko bwana yangu!"

Asubuhi moja nikaona muzee anapita nyuma ya nyumba na kikombe ya chai, anatembea sawa mwizi wa kuku. Haikuwa mara ya kwanza. Nikavua sandale, nikamufuata. Kule nyuma tuko na muti ya sapin ya zamani, ile ya Noeli, chini yake hata majani ya mbuzi inakataa kuota. Namukuta amechutama, anamwanga chai chini pole pole, na anasema: "Kunywa, bibi yangu mudogo, kunywa."

Nikasema, ee Mungu, akili yake imeenda.

Nikainama. Ilikuwa bruyeri! Kijani, imesimama, na tumacho twa maua ku kila tawi.

"Muzee! Unafanya nini na mbanda wangu huku nyuma?"

Akashituka, chai yote ikaenda mu patalo, ku mapaja. "Siku ile ulileta kichuguu," akasema, "nilichomoa kipande na mizizi yake. Niliona vile unapakulia. Hata miye ulininenepesha hivyo hivyo, leo docta ananikatalia sukari."

"Uliniibia!"

"Nilimukimbiza bibi yangu mbali na mukono yako."

"Na unamulisha nini?"

"Hakuna. Majani ya sapin yenye kuoza, na chai yenye inabakia. Chai ya bila sukari. Anapenda uchungu. Sawa vile miye nilikuoa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, mu majani ya sapin, inanichoma matako, nacheka tu. Kumbe hii maua haitake kushiba! Inataka bulongo ya njala, yenye ukali kidogo. Ile ya beseni ilikufa, tukaitupa. Ile ya sapin tukaanza kuigombania: nani ataimwangia chai leo? Muzee anaamuka mapema aniwahi, miye nalala na kikombe pembeni. Ikachanua mu baridi kali, harusi ikiwa karibu, na siku yenyewe nikakata matawi yote na mukasi ya kushona.

Mu kanisa, kutoka fasi yangu sikuona kitu, bitambaa bya kichwa bya bamama bilifunga njia. Nikapanda juu ya benchi, na haya magoti yangu.

"Mama, shuka! Utaanguka!" bananivuta pagne.

Sikushuka. Bibi harusi alikuwa anapita, na katikati ya maua nyeupe kulikuwa bikengele bya roze, bidogo, binacheza ku kila hatua yake. Nikapiga kigelegele mbele padri hajafungua kinywa. Padri akangojea nimalize. Nikapiga ingine.