Theft, Robbery na Mashini ya Mama

Lava ilipomeza nyumba yangu ya Goma pamoja na shule nilikofundisha Kiingereza, nilidhani lugha hiyo nayo imeungua. Kumbe ilikuwa inanisubiri. Miaka baadaye, waasi walipochukua Rutshuru na watu wakamiminikia kambi ya Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji wetu, alifika avoka mmoja, mwanasheria wa kizungu mwenye viatu safi ajabu kwa mji wa mawe meusi. Alitaka mkalimani wa kumsaidia kuwasikiliza walioporwa. Nikaajiriwa, nikajiona mutu mkubwa hadi asubuhi ya kwanza.

Wa kwanza alikuwa mama mjane, mshonaji kutoka Rutshuru. Waasi walikuwa wamemchukulia mashini yake ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu. Nikatafsiri: theft, yaani wizi. Avoka akainua mkono kunizuia.

"Theft ni kuchukua tu cha mtu bila ruhusa," alinifundisha polepole. "Robbery ni kuchukua kwa nguvu au vitisho. Burglary ni kuingia kwenye jengo la watu kwa nia ya kuiba. Hii ni ipi?"

Nilishukuru sana. Sisi wa Goma tulikuwa tumeporwa miaka yote hiyo bila hata kujua majina ya tulichofanyiwa. Nikamgeukia mama.

"Mama, walikupiga?"

"Hapana, Papa. Walisema nishike upande mumoja. Ile mashini ni nzito."

"Ukashika?"

"Nilishika mpaka barabarani."

Avoka alipotafsiriwa maneno hayo, macho yalimtoka. Kumbe alisaidia kubeba? Basi si alitoa kwa hiari yake? Niliuliza swali hilo nikitazama chini.

Mama alinikazia macho mimi, si yeye. "Umuambie hivi: mumoja alishika bunduki. Mwenye kushika bunduki habebi kitu."

"Robbery!" avoka akasema, uso umemng'aa kama aliyeiona mashini ikiingia mlangoni. Mama akaniuliza kama imepatikana. Nikamwambia hapana, imepata jina tu.

Siku chache baadaye mama alinipigia simu kutoka mtaa wa Majengo. "Papa, njoo mbio! Wananiita mwizi."

Alikuwa ameiona mashini yake kwenye baraza la fundi mmoja wa kushona, muzee wa mtaa ule. Aliitambua kwa ufa wa meza yake, ambao marehemu mume wake aliuziba kwa kipande cha bati. Nilipofika, mama ameivuta huku, muzee ameivuta kule, na shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, yuko katikati akipiga kelele kuliko wote.

Nilisafisha koo, nikatoa elimu yangu mpya. Mwizi ni anayechukua cha mwingine. Mama anachukua chake, basi si mwizi. Muzee, kwa maelezo yake, alinunua sokoni bila kujua, basi naye si mwizi.

"Sasa mwizi ni nani?" shefu akauliza.

"Yuko Rutshuru. Ana bunduki."

Shefu hakuonyesha hamu yoyote ya kwenda kumkamata.

Muzee aliachilia, akaketi kwenye kizingiti. "Ya kwangu iliungua na lava," alisema. "Nilifikiri kwa hii nitakula mpaka nife."

Mama alipangusa vumbi kwenye gurudumu kwa ncha ya kitenge, kisha akasema, "Asubuhi nitashona mimi. Mchana utashona wewe. Lakini mashini ni yangu." Muzee akaitika kwa kichwa. Niliona aibu kwamba machozi yalinijia mbele ya shefu.

Nilimpelekea avoka habari hizo. Alifurahi, halafu akakunja uso. Je, muzee ana ownership, yaani umiliki, au possession tu, yaani kuwa na kitu mkononi? Hayo nayo hayafanani. Nikaahidi kuuliza. Kabla sijauliza, vita vilisogea, na wakubwa wake wakamvusha mpakani, naye hata hakuaga. Sisi hatukuvushwa na mtu.

Milio ya risasi ilipotulia nilikwenda Majengo na suruali iliyochanika gotini. Ilikuwa zamu ya muzee. Aliishona yeye, mama amesimama nyuma yake akimkosoa kila mshono.