Binti wa Kwanza Aliyetangazwa Sokoni

Kila siku saa kumi ya mchana, umeme ukiwepo, wajukuu wangu hapa Butembo waliacha kila kitu wakakaa mbele ya televisheni. Zilikuwa katuni za watu wanaoruka bila mabawa, mashine zinazotembea kama watu, na nyota zenye miji ndani yake. Moja ikiisha, ingine inaanza, mpaka giza linakaribia. Mimi nilikaa nyuma yao nikichambua maharagwe, macho yangu kwenye kioo.

Kitu cha kwanza nilichokishuku ni ule uso. Mkubwa wa wale wa katuni, mwenye kitambaa mgongoni, alijifunika sura kwa kitambaa kingine na alikuwa na majina mawili: moja la nyumbani, moja la kazi. Hata mama aliyemlea hakulijua lile la pili.

"Juu ya nini anajificha sura?" niliuliza.

"Koko, ule hapana mubaya," alijibu mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka saba. "Anasaidiaka batu."

"Mutu muzuri anasaidia na sura wazi. Siye tulitoka kule Beni. Bale ba kujificha sura nilibaona."

"Eh, Koko anaogopa hata dessin, katuni tu!" Wote wakacheka, na yeye zaidi.

Huyo mtoto ni wa binti yangu aliyebaki Beni na shamba lake la kakao. Ni msichana wa tatu katika nyumba yao. Nililala naye msituni siku tatu tulipokimbia wauaji, kisha nikamleta huku kwenye baridi. Jina lake siliandiki, wala la mwingine yeyote, ingawa nayakumbuka yote mpaka ya majirani waliokufa. Katika nchi yetu jina lililoandikwa linatembea peke yake.

Kitu cha pili nilikiona nilipoenda Beni kumwona mama yake. Saa kumi, kwa jirani, nikakuta katuni zile zile! Mtu yule yule, kitambaa kile kile, siku ile ile. Na televisheni ya Beni na ya Butembo si ndugu. Hata habari ya barabara hawaisemi sawasawa. Niliporudi nikamuuliza fundi wa antena, maana anafanya kazi kwenye kituo chetu cha televisheni.

"Mama, ni furushi moja," akasema. "Banaliuzisha ku kila televizyo. Sawa gunia ya chumvi: gunia ni moja, boutique ni mingi."

"Na mwenye gunia ni nani?"

"Sijue. Iko mbali sana."

"Na yeye anatafuta nini kwa batoto betu?"

Fundi akapiga makofi. "Mama, bangekupeleka ku renseignements, kwa bapelelezi! Ungekamata batu yote!"

Sikucheka. Mtu aliye mbali sana, anayeongea na watoto wangu kila siku saa kumi, na hakuna anayemjua.

Basi ikafika siku ya soko. Nilimchukua yule mtoto tununue mafuta na samaki wadogo wa ndagala. Nilikuwa nabishana na muuzaji juu ya kipimo chake kilichobonyea chini, na nilipogeuka, mtoto hayuko.

Nilimwita. Nilipita kwa wauza viazi, kwa washonaji, mpaka kwenye pikipiki. Nikawaza Beni. Nikawaza yule mwenye gunia.

Ndipo kipaza sauti cha soko kikalia: mtoto wa kike ameonekana, yuko kwa wauza samaki wa chumvi. Wakataja jina lake. Lilikuwa jina la binti wa kwanza.

Kwetu Wanande jina linasema umezaliwa wa ngapi. Wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, katika kila nyumba. Wangu ni wa tatu. Nikasema, asante Mungu, kuna mama mwingine anapona leo. Nikaendelea upande wa pili, mbali na samaki.

Wakatangaza tena jina lile lile. Nikamhukumu yule mama: ni mzazi gani asiyesikia? Mara ya tatu sauti ikawa na hasira:

"Mwenye uyu mutoto akuye! Amefunga kikwembe ya manjano ku shingo, iko na Bikira Maria ku mugongo!"

Kikwembe changu, kitenge changu cha kanisa.

Nilikimbia kama sina magoti ya kizee. Alikuwa amesimama juu ya kasha, mama wa samaki amemshika mkono, kikwembe kinaning'inia nyuma kama cha yule wa katuni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kisha nikampiga kidogo matakoni.

"Hiyo televizyo itakuua! Juu ya nini ulibadilisha jina? Ni ule wa kitambaa alikufundisha?"

Akaniangalia kwa mshangao.

"Hapana, Koko. Ni weye. Kule mu pori ulisema: mutu mwenye hamujue akiuliza jina, mumudanganye."

Ni kweli. Nilisema. Niliwarudilia watoto mara nyingi mpaka wakashika.

Tulifika nyumbani, na saa kumi ikakuta umeme upo. Nilikaa karibu naye mara hii, mbele kabisa.

"Siku ingine useme jina yako ya kweli," nikamwambia.

"Kwa nani, Koko?"

Kwenye kioo yule mtu alikuwa anavuta kitambaa usoni.

"Kwa ule mama wa samaki," nikasema.

"Na nani tena?"

"Padri. Na mwalimu wako."

"Na fundi wa antena?"

"Fundi, ngoja kwanza."

Katuni zikaisha, zikaanza zingine, na sisi tulikuwa bado tunatafuta watu.