Koti la Mzee Nevruz

Mfinyanzi hulia gaeni. Tangu ujana wake fundi Ylli aliwajengea Wagiriki wa kisiwa cha Korfu nyumba za mawe, huku yeye na mkewe Dhurata wakipanga chumba kinachovuja. Hatimaye akapata kiwanja chake kilimani, upande unaotazamana na Albania, kwao, akawa anajenga kila Jumapili. Chumba alichokianza si chake. Kilikuwa cha mama yake, bibi Hajrie, aliyebaki peke yake ng'ambo, na dirisha lake alilielekeza baharini ili mama akiamka aione milima ya kwao.

Mama mwenyewe hataki hata kusikia. Kwenye simu husema kaburi la mumewe haliachiwi magugu, tena mkataa kwao mtumwa. Ylli huitikia sawa mama. Mtu mzima yule, alimlilia mama yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Kuta ziliposimama akafanya kama wafanyavyo kwao: akatundika juu kabisa sanamu ya matambara, jicho la hasidi liishie hapo na nyumba isalimike. Jirani Spiridoula akamwuliza kama anafukuza kunguru au anawaalika. Sanamu haikai uchi, na Ylli, bila kufikiri sana, akaivisha koti la marehemu baba yake, mzee Nevruz, ambalo Ylli mwenyewe alilivaa alipovuka mpaka zamani kuja huku.

Dhurata akaguna. "Mume wangu, koti la baba mkwe ndilo la kuzuia husuda? Mama akiliona utajificha wapi?"

Ylli akamjibu kwamba mama haji.

Basi mama akaja. Alikuja na meli ya asubuhi bila taarifa, aione nyumba tu, arudi. Wala hakuuliza njia. Aliposhuka kwenye teksi aliinua macho, akaliona lile koti, akalifuata hadi mlangoni.

Ylli aliteremka ngazi mikono imejaa saruji, akiomba radhi kabla hajaamkia. Mama alinyoosha kidole ng'ambo ya maji.

"Baba yako alichunga mbuzi pale maisha yake yote, akitazama taa za huku. Wenye bunduki wa mpakani hawakumwacha hata aloweshe miguu. Kumbe wewe umemvusha." Machozi yakamtoka, na ya Ylli nayo hayakungoja. "Mteremshe, mwanangu. Amesimama vya kutosha."

Sanamu ikavishwa suruali kuukuu ya Ylli. Mama akalikung'uta koti, akalitundika katika kile chumba, kwenye msumari uliopigiliwa hapo hapo. Moyo wa Ylli ukajaa: sasa atakaa. Dhurata alikwishaleta na blanketi. Lakini alasiri mama alijifunga mtandio wake, akachukua mkoba.

"Mama, chumba ni chako hiki."

"Ni cha baba yako. Yeye ndiye aliyetamani kufika huku akakosa. Mimi kaburi lake nitamwachia nani?" Akamshika shavu lenye saruji. "Nitakuwa nasimama pale alipokuwa akisimama, mwanangu. Zamu yangu sasa kutazama huku."

Alipokwisha kuondoka, Ylli aliingia katika kile chumba, akalifungua dirisha, akaliacha wazi. Kisha akarudi kukoroga saruji.