Kibanda cha Balbina Hakikuonekana

Mama Balbina ana nyumba ya bati kijijini Mchombe, lakini kila mwaka mpunga unapoanza kuchanua huifunga kwa kufuli na kuhamia bondeni, kwenye kibanda cha nyasi, afukuze ndege na nguruwe mpaka mavuno. Mama yake alifanya hivyo. Mama yangu pia.

Mto ulipofurika Aprili, kazi yangu ofisini Ifakara ilikuwa kusoma picha za setilaiti: maji yamefika wapi, nyumba zipi zimezingirwa. Orodha ya watakaopewa unga na mbegu ilitokana na ramani yangu. Nyumba ya Balbina ilikuwa pakavu. Bondeni niliona maji matupu, bila paa hata moja, nikaandika: hakuna wakazi.

Kibanda cha nyasi kilichozama hakionekani kutoka juu. Nililijua hilo. Nimekulia ndani ya kibanda kama hicho.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Mama Balbina kando ya barabara, akianika mpunga ulioanza kuota. Ndio pekee aliookoa kwa mtumbwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si binti wa Raimundi wewe? Umenenepa, ofisi imekupenda." Akacheka. "Eti hizo picha zenu, mabati yanaonekana?"

"Yanaonekana."

"Basi mwakani nitalima nimejifunika bati."

Wanawake waliokuwa wakianika naye waliangua kicheko. Yeye alikuwa ameanza tena kuugeuza mpunga.

"Msimamizi wa ugawaji alinitoa kwenye foleni," alisema. "Akasema, nyumba yako kavu, umefuata vya bure. Mbele ya watu, mwanangu."

Ningeweza kusema ni mitambo. Neno lilishafika mdomoni.

"Mama, aliyeandika hakuna watu ni mimi."

Aliendelea kuugeuza mpunga kwa mguu, taratibu.

"Wewe? Uliyetambaa kwenye kibanda kama changu?"

"Mimi."

"Haya. Twende ukayaseme hayo kule kule nilikotolewa."

Nilisema, foleni nzima ikisikia. Msimamizi aliliongeza jina lake chini kabisa ya karatasi. Mbegu zilikuwa zimekwisha. Alipata mfuko wa unga. Nikainama nimtwishe.

"Acha," alisema, akiuvuta kwake. "Bondeni tulikuwa vibanda kumi na moja. Kaandike wenzangu."

Nikatoa kalamu. Alinitajia majina akiwa amesimama, mfuko kichwani, na hakuniangalia hata mara moja.